Nani Alikutwisha?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Historia na Kiswahili kwenye sekondari moja ya bweni huku Moshi Vijijini. Klabu yetu ya sanaa ina wanafunzi 14, wasichana 11 na wavulana 3. Tunataka kuandaa igizo la dakika 20 kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, kuhusu kazi walizofanya wanawake wakati wa vita. Hatuna hati. Tunabuni pamoja kwa kutumia mwili, maneno yawe machache au yasiwepo kabisa. Shida ni kwamba kila tukianza tunaishia palepale: wavulana wanashika fimbo kama bunduki, wasichana wanajifunga khanga na kulia, na waliokaa bwaloni wanacheka. Halafu mwanafunzi mmoja amependekeza tuigize wanawake wa viwanda vya silaha vya Uingereza, aliwaona kwenye video. Tuwachukue hao au tubaki na wa kwetu? Na tuanzie wapi?*

Marahaba, mwalimu.

Nianze na kicheko, maana nahisi ndicho kilichokuudhi hadi ukaandika. Hao waliokaa bwaloni hawana ubaya. Mtoto wa miaka 16 akifunika uso kwa viganja na kutikisa mabega, halii. Anatoa taarifa kwamba hapa kuna kilio. Hadhira inaipokea taarifa hiyo kwa sekunde moja, halafu inabaki haina la kufanya, na kijana asiye na la kufanya bwaloni hucheka. Fimbo nayo ni hivyohivyo. Kila mtu anaona fimbo.

Mimi mwenyewe nimepita huko. Miaka mingi iliyopita hapa Arusha niliongoza igizo la namna hiyohiyo: vitambaa vyeusi, muziki wa huzuni, wanawake wanazunguka jukwaa wakiwa wameinama. Baada ya onyesho mama mmoja mzee alinifuata, akanishika mkono, akasema, "Mmecheza vizuri, mwanangu. Ila sijaona aliyechoka." Nilinuna wiki nzima. Wiki ya pili nikaanza kazi upya.

Ushauri wangu ni mmoja, mengine yanatokana nao: wekeni vita pembeni, muanze na kazi. Watoto wako wajifunze kwanza kubeba, kutwanga, kuchota, kufua na kukata majani kwa usahihi kiasi kwamba bibi yeyote wa Kibosho au Mwika akiwatazama wakiwa mikono mitupu atajua wanafanya nini, na atajua pia wanakosea wapi. Kazi ikishasimama, ndipo vita viingie, tena viingie kwa kuivuruga hiyo kazi. Mzigo unaongezeka. Muda unapungua. Mtu mmoja hayupo.

Chukua mzigo wa majani ya ng'ombe. Wengi wa wanafunzi wako wameuona tangu wakiwa wamebebwa mgongoni: mama anashuka tambarare asubuhi, anakata, anafunga, anapandisha hadi kihambani, shamba la nyumbani la Wachaga, ambako ng'ombe anamsubiri bandani. Ukiwaambia waigize kubeba, karibu wote wataanzia mahali ambapo mzigo uko tayari kichwani. Mkono mmoja juu, kiuno kinayumba, wanatembea. Hapo wamesharuka sehemu tamu kuliko zote.

Mzigo wa kilo 30 haujipandishi. Mwenye mzigo anaweka ngata, anaangalia huku na huku, anaita: "Njoo unitwishe." Mwenzake anaacha alichokuwa akifanya, anakuja. Wanasimama pande mbili, wanainama pamoja, vidole vinatafuta kamba. Hakuna anayehesabu kwa sauti, wanahesabu kwa pumzi. Unainuka hadi magotini, unapumzika kidogo juu ya paja, unapanda hadi kifuani. Mwenye mzigo anaingia chini yake, magoti yamekunjwa, shingo inatafuta katikati. Yule mwingine haachii mara moja. Anabakiza viganja hadi aone shingo imekaa. Kisha anaachia, na mara nyingi anamgusa mwenzake mgongoni, kidogo tu, kama anamwambia nenda.

Fanyeni hilo peke yake kwa siku tatu. Siku ya kwanza tumieni mzigo halisi, kilo nane au kumi zinatosha kwa watoto, wazunguke nao uwanja mzima. Waambie watue polepole huku wenzao wakiwaangalia shingo na mikono. Mtaona jambo ambalo hakuna mwalimu anayeweza kulifundisha kwa maelezo: mzigo ukitoka, hatua mbili za kwanza zinakuwa nyepesi kupita kiasi, na mkono unapanda wenyewe kugusa utosi kama mtu aliyesahau kitu. Likamateni hilo likiwa la moto, muanze kurudia bila mzigo. Atakayesahau shingo arudishiwe mzigo.

Siku ya nne, mwondoe anayetwisha. Usionyeshe anachukuliwa na nani wala anakwenda wapi. Msichana anaweka ngata, anainama, anaita. Hakuna anayekuja. Anatazama njia. Anafanyaje? Waulize wao, usiwape jibu. Kundi moja nililofanya nalo kazi Moshi lilipata majibu matatu. Wa kwanza aliuegemeza mzigo kwenye mti, yaani mwenzake aliyesimama kama mti, akapiga magoti, akaingia chini, akainuka huku goti moja likitetemeka kwelikweli. Wa pili aliugawa mzigo, akaenda safari mbili, na alipokuwa akirudi kuchukua nusu ya pili alikuwa anakimbia. Wa tatu alimwita mtoto wa miaka saba aje amtwishe. Mtoto alikuja mbio, akashika kamba kwa bidii zote, na mikono yake ikaishia usawa wa kiuno cha mama. Wakabaki hivyo, mzigo katikati yao, wanatazamana.

Hapo ukumbi ulinyamaza. Hakuna bunduki iliyoonekana wala mtu aliyelia.

Zoezi lingine utakalolihitaji ni la kinu. Wasichana watatu, kinu kimoja cha kubuni, michi mitatu ya kubuni, wanapokezana. Wape muda hadi mapigo yawe sawa kiasi kwamba ukifumba macho unasikia pumzi tatu zikifuatana bila kugongana. Sasa mtoe mmoja, lakini wale wawili waambie wasizibe nafasi yake. Pigo, pigo, kimya. Pigo, pigo, kimya. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Mwili wenyewe unataka kuziba pengo, na ndani ya dakika moja wataanza kukimbiliana. Wakatie, waanze upya. Watakapoweza kulitunza lile pengo dakika tatu nzima, waambie walizibe, wawili wafanye kazi ya watatu. Angalia nyuso zao wakati huo, kwa sababu hawataigiza chochote. Watakuwa wanahema.

Nije kwenye vita vyenyewe. Umeandika "wakati wa vita" kana kwamba ni vimoja, na hilo litawachanganya watoto. Kwenu vimepita angalau vitatu, na kila kimoja kilimpa mwanamke kazi tofauti.

Vya kwanza, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilipiganwa mlangoni kwenu. Novemba 1914 walipigana Longido. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalitokea upande wa Taveta, yakapigania vilima vya Latema na Reata, na katikati ya mwezi huohuo yakaingia Moshi, Wajerumani wakirudi nyuma kwa kufuata reli kuelekea Kahe. Tunaowakumbuka ni askari, na kwa mbali wapagazi. Soko la Kariakoo linabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, na katikati ya Dar es Salaam kuna askari wa shaba tangu 1927, bunduki mkononi. Mwanamke hayumo. Lakini nyuma ya safu za askari wa Wajerumani walikwenda wanawake, wake wa askari na wengine, na vyungu, nafaka na watoto wachanga. Walisaga, walipika, walifua, na wapo waliojifungua njiani na safari ikaendelea. Jeshi lile liliweka silaha chini Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Chukua ramani, pima kwa rula kutoka Moshi hadi Mbala, kisha waulize wanafunzi: huo mwendo wote, nani alikuwa anapika?

Na kuna kazi nyingine ya wakati huo ambayo ni zawadi kwa igizo la mwili. Waingereza walipoziba bahari, nguo ziliadimika. Wanawake, weusi kwa weupe, wakarudi kusokota pamba kwa mkono, na misheni zikaunda magurudumu ya kusokotea na vitanda vya kufumia. Kusokota kuna mkono mmoja unaovuta taratibu na mwingine unaozungusha haraka. Mwili mmoja, kasi mbili. Jaribuni, mtaona wanafunzi wanavyopotea.

Vya pili, 1939 hadi 1945, vilipiganwa mbali, ila vilichota watu hapa. Vijana wa Tanganyika walikwenda na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, hadi Uhabeshi, Madagaska na Burma. Wengine walilazimishwa kwenda mashambani, hasa baada ya Japani kuziteka nchi za kusini mashariki mwa Asia mwaka 1942 na mkonge wa Tanganyika kugeuka lulu. Kahawa haikusubiri mtu. Ilichumwa, ikamenywa, ikaanikwa.

Na miaka hiyohiyo, kando ya barabara ya kwenda Arusha, pale Tengeru, ilikuwepo kambi ya wakimbizi wa Poland, watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti waliwatoa makwao kwa nguvu mwaka 1940 na 1941, wakawapeleka Siberia na kwingineko. Walipoachiwa wakapitia Uajemi, mwisho wakafika chini ya Mlima Meru. Walikaa kwenye vijumba vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, wakalima, wakashona, wakafundisha watoto. Makaburi yao yapo hadi leo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kama 150 hivi. Kutoka kwenu ni safari ya asubuhi moja ya daladala. Mwanafunzi wako anayevutiwa na wanawake wa Ulaya wakati wa vita mpeleke huko kwanza.

Vya tatu ni Vita vya Kagera, na kama ungeniuliza mimi, ningechagua hivi. Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Nyerere akatoa ile hotuba ya sababu, nia na uwezo Novemba 2, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Mapigano yalikuwa mbali na Kilimanjaro. Lakini mgambo walitoka kila wilaya, ng'ombe na nafaka zilichangwa, na baada ya vita ikaja miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo kila mtu mzima anajua haikuisha kwa miezi 18. Tena kuna jambo la Moshi kabisa: Machi 1979 makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana mjini Moshi, yakaunda UNLF, umoja wa kuikomboa Uganda, na kumchagua Yusuf Lule kuiongoza. Vitabu vya historia vinataja wajumbe. Wewe ni mwalimu wa Historia, waulize wanafunzi wako nani aliwatandikia vitanda na kuwakorogea uji wajumbe hao. Nawaza onyesho zima la watu wanaobishana kwa ishara mezani, migongo yao tu inaonekana, huku mbele kabisa ya jukwaa wanawake wawili wanaosha vikombe vya mkutano ambao haukomi.

Sababu kubwa ya kuchagua Kagera ni kwamba waliokuwa wasichana wa miaka 20 mwaka 1978 wapo, wanakaribia 70 au wameipita kidogo, na wengi wako umbali wa kutembea kutoka shuleni. Ila namna ya kuwauliza ina kanuni zake. Mwanafunzi akienda na daftari na kuuliza, "Bibi, vita ilikuwaje?", atapata yale yale yaliyosemwa redioni. Aende bila daftari. Aulize: ulikuwa unaamka saa ngapi? Nani alikutwisha? Sabuni mlipata wapi? Halafu aombe, "Bibi, nionyeshe." Mikono ya mtu mzima ina kumbukumbu ambazo mdomo wake umezisahau au haujawahi kuzisema. Kazi ya mwanafunzi ni kuiba mikono hiyo: kiwiko kilikuwa wapi, alipumua lini, macho yalikuwa yanatazama nini.

Bibi mmoja wa Machame aliwaonyesha wanafunzi wangu jinsi alivyokuwa akisikiliza taarifa ya habari. Mwanawe alikuwa mgamboni. Alikaa na ungo mapajani anachambua maharage, mazima anayaweka sahani ya kulia, mabovu ya kushoto. Saa ya habari ikifika mikono haikusimama, kwa sababu nyumba ilikuwa inasubiri kula. Iliendelea vilevile, kwa kasi ileile. Jioni alipotaka kupika akakuta sahani zote mbili zimechanganyika, mazima na mabovu, hajui ilianza lini. Alisimulia huku akicheka. Sisi tuliichukua ile mikono kama ilivyo: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kisha, bila kubadili kasi, kulia, kulia, kushoto, kulia. Nusu ya watazamaji hawakugundua. Ile nusu nyingine iliacha kupumua.

Bibi yeyote atakayewaonyesha, mwulizeni ruhusa, na kabla ya Julai 25 mualikeni aje aone mazoezi. Akisema "hilo msiweke," msiweke. Hata kama ndilo zuri kuliko yote.

Mwingine atawaambia habari za foleni ya miaka iliyofuata, jinsi mtu alivyoacha jiwe au kikapu kimshikie nafasi dukani huku akikimbia kunyonyesha. Mwingine atakuambia sabuni ilipokosekana walifulia majani ya mpapai. Yote hayo ni mwili mtupu, hayahitaji neno hata moja.

Sasa Uingereza. Jibu fupi: msiwachanganye jukwaa moja na akina mama wa kwenu, kwa sababu dakika 20 hazitoshi kueleza viwanda vya mabomu kwa hadhira isiyoviona, na watoto wataishia kuiga video. Wana historia nzito yao wenyewe. Katika vita vya kwanza, waliojaza baruti ya TNT kwenye makombora ngozi zao ziligeuka manjano hadi watu wakawapachika jina la ndege chiriku wa manjano. Hayo ni ya kiwanda chao, yaacheni hapo. Lakini mwanafunzi wako usimkatishe tamaa, kwa sababu ameshika uzi unaoishia mikononi mwetu sisi tunaofanya maigizo ya mwili.

Desemba 1941 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanawake wasioolewa, wa miaka 20 hadi 30, kuingia kwenye kazi za vita. Walikuta viwandani mizigo na mashine zilizopangwa kwa miili ya wanaume. Wakati huo mshauri wa viwanda wa Manchester, F. C. Lawrence, alishirikiana na mtu ambaye usingemtarajia kiwandani: Rudolf Laban, mtaalamu wa dansi, mzaliwa wa Bratislava, aliyeihama Ujerumani ya Hitler na kufika Uingereza mwaka 1938. Laban alikaa akitazama watu wanavyofanya kazi. Kwenye kiwanda cha matairi wanawake walikuwa wanayanyanyua matairi mazito kwa nguvu ya mikono na kuumia. Akawafundisha kulibembeza tairi, uzito wake wenyewe ulipe mwendo, mwili uufuate na kuumalizia. Mzigo ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini sasa unapanda.

Unaposoma hivi sidhani kama unashangaa, kwa sababu umeshamwona mama akiinua debe la maji kwa mtindo huohuo, goti, paja, mbembeo, kichwani, na hakuna mshauri wa kiwanda aliyemfundisha.

Kutokana na kazi ile Laban na Lawrence walitoa kitabu mwaka 1947, *Effort*, kinachouliza maswali machache kuhusu kila tendo: uzito wake ni mkubwa au mdogo, ni la ghafla au la kuvuta muda, linakwenda moja kwa moja au linazunguka, limebanwa au linatiririka. Msaidizi wake, Jean Newlove, aliyezunguka naye viwandani wakati wa vita, baadaye aliwafundisha waigizaji wa mwongozaji Joan Littlewood, kundi la Theatre Workshop, ambalo mwaka 1963 lilitoa igizo la kubuni pamoja kuhusu vita vya kwanza, *Oh, What a Lovely War!* Kwa hiyo hayo mazoezi ya mwili tunayofundishana kwenye warsha tukidhani yametoka studio zenye vioo, sehemu yake ilinolewa na wanawake waliokuwa wanabeba matairi wakati wa vita.

Mtumie Laban hivi. Waambie wasichana wafue nguo ya kubuni. Kukamua shuka: uzito mkubwa, muda mrefu, njia inayozunguka. Hiyo ni kabla ya vita. Kisha sabuni imekwisha: wasugue kwa uzito uleule lakini muda mara tatu, na macho yaendelee kukagua doa lisilotoka. Kisha ni nguo ya nani? Uzito upungue hadi karibu na sifuri, mikono iendelee kuzunguka ndani ya maji. Usiwaambie "sikitika". Waambie tu, "punguza uzito." Watazamaji watamaliza wenyewe.

Wavulana watatu, usiwape bunduki, na usiwape pia nafasi ya kukaa. Wape kazi ngumu zaidi ya jukwaani, kuwa mizigo. Mvulana ni gunia, ni ndoo, ni mzigo wa majani, ni mtoto mgongoni. Mwili wa mtu una uzito wa kweli na msichana hawezi kuudanganya. Ikifika sehemu ya foleni, wao ni mawe. Atakuja mzazi kulalamika kwamba mwanawe amekaa jiwe dakika nne. Mwambie ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, na ni kweli.

Muziki wa kwenye simu, achaneni nao, hasa ile piano ya misiba. Tumieni pumzi, miguu, kupangusa viganja, mapigo ya kinu. Kama kuna bibi atakayewafundisha wimbo wa kazi, uimbwe mara moja tu, tena katikati ya kazi, ukatike pale kazi inapokatika. Redio naweza kuikubali iwe kitu kimoja halisi jukwaani, ila isiseme kitu. Kila mmoja katika hadhira ya wazazi ataisikia.

Dakika 20 ni nyingi kwa kundi linaloanza. Fanyeni 12. Anzeni na kutwishana kukiwa na watu wote 14, kazi inatembea kama saa. Waondoke mmoja mmoja, bila kuaga, kila anayetoka anaacha ngata yake chini, na kazi iliyobaki iwaelemee waliobaki. Weka maharage katikati. Mwisho sijui utaupenda: wanarudi baadhi, wanasimama pande mbili za mzigo kama zamani, na wanagundua kwamba huyu aliyebaki ameshazoea kujitwika peke yake. Anaupandisha kabla hawajainama. Wabaki na mikono yao hewani, kisha zima taa, au kama bwalo lenu halina swichi karibu, wageuke wote waondoke upande mmoja.

Maleba ni nguo za shamba za kawaida, rangi zilizopauka, khanga moja kila mtu na isitumike kufutia machozi.

Na sakafu. Mabwalo yetu ni saruji, na nilichokuandikia hapa kina magoti mengi. Funga magoti ya kila mmoja kwa vitambaa vilivyokunjwa na kushonwa, chini ya sketi haviwezi kuonekana. Kwa mazoezi ya kubebana, azima magodoro ya bweni, manne yanatosha, na matroni aelezwe kabla hajayakuta bwaloni. Msichana yeyote asibebe mvulana aliyemzidi uzito hadi wiki ya tatu, na siku zote awepo wa tatu wa kudaka, amesimama nyuma yake, viganja tayari.